Nyasi za Hathersby

Ubao wa mabingwa, chumba cha chai:
sabini na nne, mvua. Hakuna jina.
Themanini na moja, Mcheki mmoja
aliyelala garini wiki nzima,
akashinda, akauza kikombe
apate nauli ya meli.

Hapa hawapigani tembo.
Huja wa mia tatu na kumi duniani,
raketi mbili, soksi zikining'inia dirishani,
na nyasi huumia vilevile.

Enoch Thwaite anajua.
Miaka arobaini na mitatu anasukuma rola,
anapiga magoti kwenye mstari wa nyuma,
palipochimbika hadi udongo,
anafukia mbegu kwa kidole gumba.

Mwaka huu mdhamini kajitoa.
Barua ilifika Jumanne.

Jumatano alfajiri, chokaa mbichi:
mistari yote, hata ya wachezao wawili-wawili.