Mauntini

Tatu juu ya meza ya jikoni, juu ya gazeti la Jumapili:
mpira mweusi, bado unanuka duka,
plastiki ngumu, nyekundu kama pipi,
na aluminiamu tupu, ya kuchongwa, baridi,
nyepesi kuliko sura yake.
Kaka yangu Nenu amezipanga kama sonara.
Mimi nimeleta kahawa na mashaka.

Gerejini, chini ya nyumba yetu ya Żejtun,
limo gari la mwaka sabini na nane, Mini,
rangi ya zeituni, pua imeinuliwa kwa jeki.
Fremu ya mbele, inayobeba injini na magurudumu,
imeshikwa na mpira uliokwisha kuoza,
uliopasuka kama kisigino wakati wa kiangazi.
Ukifunga breki, hugonga: ko.
Ukiachia klachi, ko tena,
kama mgeni apigaye hodi asingoje karibu.

"Aluminiamu," anasema Nenu. "Chuma kwa chuma, kiwe kitu kimoja,
usukani useme kweli."
Anazungumzia mashindano ya kupanda mlima, sekunde,
kona anazozijua kwa majina kama wapwa zake.
Namwambia: Mama ana miaka themanini na miwili.
Namwambia: barabara ya Siġġiewi ina mashimo
tuliyorithi. Nyonga yake ya kushoto
ni ya hospitali. Kwa aluminiamu
kila jiwe atalipokea lote,
bila makato.

Mpira, nasema. Gari lilitoka na mpira kiwandani.
"Na mpira utaoza tena."
Plastiki tunaitazama kama mpatanishi:
haimkeri mtu, haimfurahishi mtu.

Mama anaingia na bakuli la maharage mabichi.
Hakusikia tulivyobishana. Hasikii mengi siku hizi;
fataki za sikukuu ya mtakatifu, zinazotikisa vioo,
kwake ni mtu anafunga mlango nyumba ya tatu.
Anaketi, anachukua ule mpira,
anauminya kwa kidole gumba kama anavyominya nyanya
za Karmnu, ambaye hamwamini.
"Hii ya nini?"
Ya kuzuia mtikisiko, naandika pembeni mwa gazeti,
kwa herufi kubwa.
Anasoma. Ananitazama
kana kwamba nimesema nitamfunga kitambaa machoni.

"Na gia nitazijuaje?"

Hatuelewi. Anapiga kiti alichokalia,
anapiga paja, na nyonga ile ile ya hospitali.
"Injini naisikia hapa. Masikio yamestaafu tangu mwaka juzi.
Ikitetema hivi" (mkono wake unatetema juu ya meza,
maharage yanacheza bakulini)
"gia ya pili inaomba ruhusa. Hivi, ya tatu.
Mkininyamazishia
nitakuwa naendesha godoro."

Miaka miwili anaendesha kwa mifupa
na sisi tulidhani ni mazoea.

Basi: aluminiamu juu, kwenye minara miwili ya fremu,
mpira mbele na nyuma, ili jiwe nalo likatwe kodi kidogo.
Ndivyo walivyoamua wao wawili, kwa ishara za vidole,
mimi nikimenya maharage niliyoachiwa.

Bolti moja ilikataa siku mbili. Nati yake
ilizunguka ndani ya bodi, haikazi, hailegei,
mpaka Nenu akaikata na cheche zikamla nyusi.
Plastiki nyekundu ingali jikoni, inashikilia dirisha
lisijifunge kwa upepo.

Jumamosi nilikaa kando ya Mama.
Kila kokoto lilijitambulisha. Meno yangu yaligongana
kabla hatujapita kanisa.
Kwenye kilima kabla ya Siġġiewi
ilianza sakafu, kisha kiti,
kisha kitu kifuani mwangu nisichokijua jina,
na kabla sijafungua mdomo
mkono wake ulikwisha fika kwenye gia.