Athari

Nimesimamisha kamera juu ya ukuta wa falaji,
mguu wake wa tatu nimeutegemeza kwa kijiwe.
Jua limekwisha kuzama upande wa Mudhaibi.
Mbele yangu mlima, mkavu kama kisigino,
na juu yake waridi inafifia ndani ya buluu,
buluu inakwenda kuwa wino.

Hii ni saa ya ardhi. Kazi yangu naijua.
Kwanza napiga mitende na ule mnara wa udongo
ungali na nuru ya kuazima.
Kisha sigusi kitu. Hata kukohoa sikohoi.
Nangoja nyota zije zichukue nusu iliyobaki,
na usiku, nyumbani, nizishone picha mbili
mshono usionekane.

Lakini taa.

Taa kumi na nne, nazijua moja moja.
Ya saba hupepesa kabla haijatulia.
Nilizipandisha mimi, mwaka tisini na nne,
mkanda kiunoni, bisibisi mdomoni,
watoto wakipiga makofi kila ilipowaka moja.
Nilipewa halua, sinia nzima.
Leo nimestaafu, kiinua mgongo nimekinunulia lenzi,
na kila ninapobonyeza
mbingu inatoka rangi ya chai iliyopoa.

Bi Ghaniya alinikuta nikizitukana.
Kiswahili chake cha Wete hakijakauka,
ingawa aliletwa huku bibi harusi mwaka sabini na sita.
"Unamtukana nani? Si wewe uliyetutundikia hizi?"
"Ni mimi."
"Haya basi."

Akaketi ukutani, akatia miguu majini,
akanieleza ambayo hakunieleza nikiwa juu ya nguzo:
maji haya yaligawiwa kwa nyota.
Nyota ikichomoza juu ya mgongo ule wa mlima
zamu ya mmoja imekwisha, ya mwingine imeanza.
Nusu saa. Wenyewe huiita athari.
(Kwetu athari ni alama, kinachobaki.)
Yake ilianza na Thuraya,
ile ambayo mama yangu aliiita Kilimia.
Alisimama hapa hapa na jembe, mimba ya miezi minane,
shingo imekakamaa, akingoja kile kikundi kidogo
ambacho kila mtu hukihesabu kivyake
kitoe kichwa, ndipo apaze sauti, "Yangu!"
na kung'oa tambara kwenye mdomo wa mfereji.

"Ukaja na taa zako. Tukanunua saa za mkono.
Saa hazikosei, sisemi.
Ila sijapata kumwita mtu usiku
nikamwambia, njoo uitazame saa yangu."

Jibu sikuwa nalo. Nilikuwa na ufunguo.
Nilipostaafu walidai kofia, buti, mkanda;
ufunguo wa sanduku la swichi hakuna aliyeuliza.
Nikaenda. Chuma kilikuwa bado na joto la mchana.
Nikashusha mkono.

Mtoto akalia. Dirishani mtu akalilaani shirika la umeme,
nami nikainama ingawa hakuna aliyeniona.
Kisha kiza kikaanza kujaa vitu,
kwanza vikubwa, halafu vile vya katikati,
halafu vumbi lile ambalo kwa kamera yangu
siku zote nililidhania chenga.

Kamera sikuifikia.
Bi Ghaniya amesimama ndani ya falaji, maji magotini,
kidole kimeuelekea mlima, ananguruma, "Yangu!"
Na kutoka mashamba ya chini,
ambako nilidhani hapana mtu,
sauti nyingine, ya kiume, ya kikohozi, ikamjibu kwa Kiarabu:
bado, bado, subiri itoke yote.
Akacheka mpaka akashika ukuta.

Nikampa nusu saa kamili. Nilitazama mkononi;
ndivyo nilivyozoea.

Picha niliyo nayo ni ya ardhi peke yake,
mitende, mnara, juu pameachwa wazi.
Sijaishona.
Nilipopandisha swichi ziliwaka kumi na tatu.
Ya saba ikapepesa, ikapepesa.