Kabla Hujalipa

Weka kidevu hapa, Mumbua. Paji la uso liguse utepe.
Usikodoe. Pumua.
Nje, Ngara inapiga honi, na jenereta ya jirani
inatetemesha chati ya herufi ukutani.
Tumezoea.

Umenionyesha simu: mwanamke asiye na jina,
macho yake kijivu, kijivu cha jiwe la Njiru
lililochongwa jana, bado halijanyeshewa.
"Haya," ukasema. "Haya hasa."
Kama mtu achaguaye kitenge.

Lakini duka hilo unaloliendea halina rangi rafuni.
Mwale hauongezi kitu. Unaondoa tu.
Unaiunguza kahawia yako chembe kwa chembe,
na kilichokuwa chini yake ndicho utakachopata:
labda kijivu, labda samawati iliyofifia,
labda la kushoto likapauka kabla ya la kulia
kama soksi zilizofuliwa ndoo mbili.
Mwenye mashine hajui. Nami sijui.
Anayekuahidi rangi kwa jina lake
anauza kitu ambacho hajakiona.

Wahenga walisema macho hayana pazia.
Naomba radhi zao: yanalo.
Hiyo kahawia uliyoichoka kwenye kioo
ndiyo pazia lenyewe. Walikushonea kina Kalondu na Nzilani,
wanawake waliopalilia mtama kule Mwingi
saa saba mchana, bila miwani.
Ukilishusha, jua la Januari kwenye vioo vya Upper Hill
litaingia bila hodi.

Na vumbi lake je, huenda wapi?
Umeuliza vizuri, ingawa hukuuliza.
Unaishi South C; unaijua Aprili.
Unajua mtaro ukishashiba mifuko na maganda
maji hayabishani na mtu, yanapanda tu,
yanafika kwenye kochi, yanafika kwenye soketi.
Jicho nalo lina mtaro wake, mwembamba kuliko uzi.
Rangi iliyovunjwa huteremkia huko.
Pengine hupita.
Pengine huziba.
Na presha ya jicho mara nyingi haiumi, Mumbua,
ndio ubaya wake: inakula pembeni, pole pole,
huku katikati bado wasoma ujumbe na kucheka.

Mama yako hutiwa tone kila usiku.
Nimeuliza mara mbili ndipo ukasema,
"Ah, hiyo ya uzee."
Hiyo ya uzee ina miguu. Huzunguka ukoo mzima
na inajua kila mlango.

Usidhani nakucheka. Kwenye harusi ya dada yangu
nilivaa lenzi za kijani, shilingi mia tano, Nyamakima,
nikala pilau huku machozi yakinitiririka,
na picha zote nimetoka kama paka aliyemulikwa tochi.
Ila usiku nilizivua, nikazitia kibakulini.
Hili lako halivuliwi.
Hakuna kibakuli chenye kahawia
cha kurudia asubuhi, ukijuta.

Uliniuliza: nitaonekanaje?
Swali langu mimi ni fupi kuliko lako:
unaonaje?

Kulia kumi na tisa. Kushoto ishirini na moja.
Si ugonjwa. Si kitu cha kuchezea pia.
Nimeandika kwa kalamu ya wino.
Fedha ni zako, na kichwa ni chako;
ukienda, nenda na karatasi hii, uwaonyeshe,
na wakikataa kuisoma, hilo nalo ni jibu.

Haya, inua kidevu.
Sisemi macho yako ni mazuri; sikuajiriwa kusifu.
Nasema yamesoma mstari wa mwisho wa chati,
ule mdogo kabisa, ambao mimi niliyeubandika
siuoni tena.