Nambari Elfu Moja

Kompyuta ya zamani ilikufa Jumanne,
feni yake ikikohoa hadi mwisho kama mvuta kiko.
Mpya imekuja kwa basi kutoka Tartu,
imeviringishwa ndani ya blanketi la mtu.
Nje, ziwa Peipsi limeganda mpaka upande wa Urusi,
na mimi, Maarika, wiki ya tatu kazini,
usiku huu nina Linux tupu, birika la chai,
na karatasi ya Urmas iliyobandikwa ukutani:
Data haikai hapa. Hapa tunaitazama tu.

Kwanza kifurushi. nfs-common, jina lisilo na urembo.
Naandika amri, nabonyeza, nasubiri;
mistari inateremka, inasema tayari
kwa sauti ya fundi asiyependa maswali.
Kisha saraka mpya, naiita barafu:
chumba kisicho na kitu,
mahali pa kupachikia nyumba ya wengine.

Nabisha hodi.
Seva iko kilomita sitini na kitu, chini ya ardhi, chuoni.
Kimya.
Nabisha tena. Ruhusa imekataliwa.
Nampigia Eevi wa zamu ya usiku. Anatafuna.
"Anwani yenu mpya haimo kwenye orodha," anasema,
"hapa hatumfungulii kila ajuaye kugonga."
Nasikia vidole vyake, halafu kijiko ndani ya kikombe.
"Haya. Jaribu."

Hodi ya tatu, na mlango hauulizi neno.
Chumba kitupu kimejaa hadi darini:
Desemba, Januari, Februari, miaka ishirini na sita,
unene wa barafu kila siku saa mbili asubuhi,
theluji juu, maji chini,
na pembeni maelezo mafupi: keekee imekwama. Nimerudi na shoka.

Nikaomba orodha ndefu, yenye wenyewe.
Kila faili, mwenyewe wake: maarika.
maarika, maarika, maarika.
Kumbe majira yale ya baridi nilipokuwa sijaota meno ya mbele
nilikuwa ziwani, inasemekana,
napigana na barafu kwa shoka.

Sikuelewa. Kisha nikaelewa.
Seva haijui majina. Inajua nambari.
Wa kwanza kuandikishwa kwenye mashine hupewa elfu moja;
Urmas alikuwa wa kwanza kwenye ile iliyokufa,
mimi ni wa kwanza kwenye hii,
na elfu moja ni elfu moja, haina uso,
haina goti bovu lililomstaafisha mwezi wa kumi,
haina koti lililobaki msumarini
na maganda ya mbegu za alizeti mfukoni.

Ningeweza kuacha. Kila kitu kilifanya kazi.
Kusoma, kuandika; hata kufuta ningeweza,
na hakuna kengele ambayo ingelia.
Nikanywa chai. Ilikuwa imepoa.

Nikajivua nambari.
Elfu moja na moja, hiyo ndiyo yangu.
Nikamwandikisha urmas, bila nywila, bila makazi,
mtumiaji asiyeweza kuingia, anayeweza tu kutajwa.
Nikampigia Eevi tena anipe kibali changu mwenyewe;
akacheka, akanipa.
Nikaomba orodha upya.
urmas, urmas, urmas,
jina likateremka kioo kizima
na mimi sikuonekana popote.

Halafu mstari mmoja kwenye fstab,
ili mashine ikiamka ingoje mtandao kwanza, ndipo ipachike.
Asiyengoja hupachika hewa.
Nikazima. Nikawasha. Ilikumbuka.

Saa mbili kasorobo nikavaa koti lake, langu ni jembamba,
nikatoka na keekee na kijiti cha kupimia.

Faili la kwanza la elfu moja na moja:
sentimita thelathini na nane. Ufa karibu na gati.
Upepo wa kaskazini.
Mbwa mmoja barafuni, hana mwenyewe.