Namba Nne

Boriti ya mwisho wa reli imepasuka mara ya tatu
tangu Pasaka, na mara ya tatu Nkwabi kaichomelea,
kakaza shokapu hadi tisa, kasema:
sasa haitikisiki.

Haitikisiki, kweli. Ndio ugonjwa wenyewe.

Kiwanda cha minofu, Igogo, saa nane usiku.
Ziwa liko nyuma ya ukuta, halisemi kitu.
Toroli linakuja na makreti yake ya sangara,
linagonga, kwaa! Barafu inaruka,
na kule mezani Lushinge, bila kuinua uso,
anachora kijiti kingine daftarini.

Naomba mizani. Wananicheka:
faili linasema kilo mia tatu.
Faili halijawahi kubeba barafu.
Mia nne na kumi na mbili.

Napima mita mbili za reli kwa chaki.
Zamani toroli lilizimaliza kwa sekunde mbili na nusu;
leo, moja na robo. Kontena lina haraka,
msimamizi kaongeza mwendo, hakumwambia mtu.
Na mwendo ukizidi mara mbili
kishindo hudai mara nne,
kama mkopo wa mtaani.

Nakunjua karatasi iliyokuja na shokapu,
imelowa mafuta ya samaki hadi unaona upande wa pili.
Chini, kasi. Kando, namba za kitasa.
Natembeza ukucha hadi kwenye mstari uliopinda,
kisha kushoto.
Nne.

"Dada Mbuke, nne ni laini. Litapita."

Namchorea kwenye ubavu wa boksi.
Tisa: nguvu yote inapanda mwanzoni, mlima wa Bismarck.
Moja: linateleza, linateleza,
halafu mwishoni chuma kwa chuma.
Nne: inapanda kidogo, inalala,
inakwenda tambarare mpaka inaishiwa.
Eneo chini ya mistari ni lilelile, Nkwabi.
Mzigo haupungui. Unagawiwa tu
kila sentimita ya safari.

Kitasa kina kutu. Saba. Tano,
bado kuna mdundo, mdogo, kama mlango wa jirani.
Nne. Naweka kikombe changu cha uji juu ya boriti.

Toroli linakuja. Linaegemea. Limesimama.
Uji unatetemeka ukingoni, haumwagiki.
Nkwabi anagusa mrija, anaondoa kidole upesi:
una moto.
Ndiko kishindo kilikokwenda.

Dakika kumi baadaye Lushinge anainua kichwa.
"Mbona mmesimamisha kazi?"

Matoroli sita yamepita mbele yake.
Daftari halina hata kijiti.