Chupa ya Jamu

Darasani kwa Bi Hetherington kila mtoto analeta volkano:
soda ya kuokea, siki,
mlima wa magazeti uliopakwa rangi ya udongo.
Raya hataki. "Zimeshafika sita, baba. Ya saba ya nini?"

Basi nikamtolea la kwangu,
nililotoka nalo Tanga, kidato cha pili,
likavuka forodha zote bila ushuru:
mshumaa katikati ya sahani,
maji yaliyotiwa rangi nyekundu ya keki,
na chupa ya jamu, tupu, iliyooshwa,
kuufunikia moto.

Ghorofa ya tatu, Sunderland, Novemba,
dirisha la jiko limetoka jasho.
Moto ukasinzia, ukafa.
Maji yakapanda ndani ya chupa,
na kengele ya moshi ikapiga ukelele darini
hata Biubwa akaja mbio na taulo kuipepea.

"Moto umekula oksijeni," nikasema,
"maji yameziba pengo. Moja ya tano ya hewa. Andika."
Mimi niliandika hivyo, nikapewa alama zote,
na vema nyekundu iliyokaribia kutoboa karatasi.

Raya hakuandika.
Aliweka kidevu mezani, macho sawa na maji.
"Washa tena."
Tukawasha mara nne.
"Baba, moto ukiwaka maji hayapandi.
Yanangoja uzime.
Mlaji gani huyu, anashiba akishakufa?"

Sikuwa na jibu, nilikuwa na zamu.
Nikavaa buti, nikaenda kusukuma deki
katika korido za hospitali zisizo na mwisho.
Saa tisa usiku nikapasha wali wangu,
nikabana kifuniko, nikauacha upoe.
Pa! Kifuniko kikabonyea ndani
na hapakuwa na mtu aliyekigusa.
Nikakaa nacho mkononi, wali ukalala.

Asubuhi nikamkuta na nguo za kulala,
mishumaa mitatu myembamba kwenye sahani,
mama yake kasimama na taulo chini ya kengele, tayari.
"Chupa ileile, hewa ileile,
mbona sasa yamepanda zaidi?
Na tazama hapa ukingoni, viputo. Hewa inatoroka."
"Joto," nikasema.
"Joto," akasema,
wala hakunigawia sifa hata robo.

Ijumaa, ukumbi ulinuka siki.
Watoto hawaruhusiwi kiberiti;
Bi Hetherington aliwasha mwenyewe, ndoo ya mchanga kando.
Nami nyuma kabisa, na sare ya usiku.
Raya akaanza, kwa Kiingereza chake cha Mto Wear
ambacho hunipiga chenga:
"Baba yangu alifundishwa kwamba moto unakula hewa,
maji yakashika nafasi. Sivyo.
Hewa ilipata joto, ikatanuka, nyingine ikatoka.
Iliyobaki ikapoa, ikanywea,
na hewa ya nje ikayasukuma maji ndani."

Vichwa vikageuka.
Nikapunga mkono: ndiye mimi, mwenye kosa.

"Umejuaje?" akaulizwa.
"Nilitazama."

Mwalimu wangu yuko kaburini mwaka wa kumi na moja.
Alama zile, sasa nimrudishie nani?
Meza ya jirani volkano ya nne ikafoka kabla ya zamu yake,
povu likashuka mezani, likapita chini ya viti,
likaja taratibu mpaka kwenye buti zangu.