Kiingilio ni Pera Moja

Magari ya watalii hupita barabara ya juu,
twiga wamechorwa milangoni,
na mwanangu Aikande huyahesabu kwa vidole vya miguu.
"Mama, mbugani sisi tutakwenda lini?"
Nikakitazama kibubu. Kibubu nacho kikanitazama.
Nikamwambia: kesho asubuhi. Vaa viatu vya mvua.

Basi tukafungua hifadhi nyuma ya jiko, hapa hapa Rau,
kutoka karo la vyombo hadi uzio wa masale,
hatua ishirini na nne za mtu mzima,
arobaini na kitu za mtoto
(hesabu ilikatizwa na panzi).
Tikiti tumezikata kwenye daftari la hisabati.
Kiingilio: pera moja, lisiwe na funza.
Mwenye pera la funza aingie bure,
maana huyo kaja na mnyama wake.

Sheria ni chache. Usikanyage njia ya siafu,
si kwa huruma, kwa akili.
Jiwe ukilifunua, lifunike;
hata wewe hupendi kuezuliwa paa ukiwa umelala.
Mbugani wana mbuni anayekimbia;
wetu umesimama, unazaa kahawa,
na ndani yake anaishi kinyonga.
Usimharakishe. Mbele, nyuma, mguu hewani,
kama mteja anayetaka kitenge na hataki kukilipia.
Chozi naye huja kwenye ua la mgomba,
chozi wa mbawa, si la kulia,
anakunywa kichwa chini, anaondoka bila kuaga.

Saa nne ni mbio za konokono.
Uwanja: sinia lililolowana, duara la chaki,
anayetoka kwanza ameshinda.
Mwenye nukta nyekundu ni Mwendokasi.
Mwenye nukta ya waridi ni Kesho-Nakuja.
Wa tatu alikataa kupakwa rangi, hatumlazimishi.

Hapo akatokea Bi. Anaeli, jirani,
ambaye uwanja wake huufagia hadi udongo unaona haya,
fagio mkononi, neno mdomoni:
"Mama Aikande, nyasi hizi zitaleta nyoka."
Aikande akanyoosha mkono. "Kiingilio."
"Nini?"
"Pera."
Akachekea puani. Akarudi kwake.
Akaja na mapera mawili;
la pili, akasema, ni la kuweka dau.

Akamchagua Mwendokasi. Wote humchagua Mwendokasi.
Mwendokasi akatoka mbio, kama mbio ndiyo hiyo,
akafika kwenye chaki, akaionja,
akajikunja ndani, akalala.
Bi. Anaeli amechuchumaa, pindo la kanga limelowa,
fagio limesahaulika majanini,
ananong'ona, "Amka, baba, amka, unaniaibisha."
Kesho-Nakuja akashinda. Dakika kumi na moja.

Usiku umeme ukakatika; hatukuwasha mshumaa.
Tulitandika mkeka kando ya mfereji
tukahesabu sauti: chura, nyenje,
chura mwingine mwenye mafua,
na juu ya mparachichi komba akilia
kama mtoto aliyezuiwa mlangoni.
"Yule naye hana pera," akasema Aikande, akasinzia.

Sisemi tuliona simba.
Nasema tu kwamba asubuhi nilichungulia juu ya masale:
uwanja wa Bi. Anaeli umefagiwa kama kawaida,
isipokuwa kona moja chini ya mlimao,
pana kama kanga iliyoanikwa,
majani makavu yamelala yalipoanguka.
Nikamuuliza.
Akasema fagio limevunjika.
Nililiona mlangoni, zima kabisa,
panzi amelikalia.